Mbegu haijui ukame: niliyoongea Njiro kuhusu dikondra ya fedha

Waliokosa kuja Jumamosi mmenipigia simu mpaka betri imeisha, kwahiyo naiweka hapa hotuba yote niliyotoa Njiro, Arusha, kuhusu dikondra ya fedha, mmea wa kutambaa unaofunika udongo, kama ilivyorekodiwa kwenye simu ya kijana wangu. Nimetoa makelele tu na ile sehemu ya picha za ukutani, maana bila picha mngesoma "oneni hapa, oneni pale" mkachoka bure.

---

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, mambo vipi. Mama zangu wa Moshi mmepanda Coaster alfajiri mkatufuata mpaka huku Njiro, asanteni sana, Mungu awabariki. Baba zangu wa vitalu vya kando ya barabara kule Tengeru nawaona pia mmejificha nyuma, sogeeni bana, viti vipo.

Nianze na swali. Nani hapa ana ukoka nyumbani kwake? Nyoosheni mikono tuone. Wengi. Haya, msishushe. Nani hapa ukoka wake unabaki kijani mwezi wa Februari bila kumwagiliwa? Mbona mikono yote imeshuka? (Watu wanacheka.)

Tunajuana. Sisi watu wa huku mvua yetu inakuja mara mbili, masika kuanzia Machi mpaka Mei, halafu vuli Oktoba mpaka Disemba ikijisikia, na hapo katikati ni ukavu, na ule ukavu ndio wakati huohuo mgao wa maji unaanza, maji yanatoka usiku wa manane unaamka na ndoo zako, sasa wewe mama umekinga ndoo sita saa nane usiku, asubuhi utakwenda kuzimwaga kwenye majani? Kuna mtu atakuelewa humo ndani? Hata wewe mwenyewe hutajielewa.

Ndio maana watu wameanza kuniuliza habari za hii kitu niliyoshika. Pitisheni hicho kikopo taratibu, kila mtu akishike, ila naomba kirudi. Jina lake dikondra, na hii ya fedha wataalamu wanaiandika Dichondra argentea, na aina inayouzwa sana kwa mbegu inaitwa Silver Falls. Kwao ni kule kusini magharibi mwa Marekani, Texas, Arizona, inashuka mpaka Mexico, sehemu za mawe na jua. Ni ukoo mmoja na viazi vitamu, na wenye shamba la viazi hapa mkiangalia vizuri mtaona tabia ni ileile, shina linatambaa, na kila pingili ikigusa udongo inatoa mizizi yake. Urefu wa kwenda juu ni mdogo tu, sentimita kumi haivuki ikiwa chini, ila kwa kutambaa inafika mita na zaidi. Ukiiweka kwenye chungu cha kuning'iniza inamwagika chini inapendeza kweli. Na ni ya kudumu, sio ya msimu mmoja ukalie. Ila inaogopa barafu, kwahiyo Ulaya wanaipanda kila mwaka upya, sisi hapa mjini Arusha na Moshi barafu hatuijui, iko juu kule mlimani inatuangalia tu.

Sasa nina jambo moja la kuwaambia leo, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mmea huu unavumilia ukame. Mbegu yake haivumilii. Narudia. Mmea unavumilia ukame, mbegu haivumilii! Watu wengi wanafanya kinyume chake, mbegu wanaibania maji kwa sababu wamesikia ni ya ukame, halafu mmea ukishakua wanaufurika. Huko mwanzo wanaua kwa kiu na huku mwisho wanaua kwa kuuzamisha.

Tuanze na hiyo rangi kwanza, maana ukishaelewa rangi utaelewa mengine yote.

Dada uliyeshika kikopo, hebu washa kamera ya simu, ivute karibu kabisa kwenye jani. Unaona nini? (Dada anajibu: "Vinywele.") Sema kwa nguvu wasikie. Vinyweleo! Jani lenyewe chini yake ni kijani la kawaida kama la mmea wowote, rangi ya fedha ni vinyweleo vimelala juu yake vimejaa, vinarudisha mwanga wa jua usichome jani, na vinashika hewa tulivu pale juu ya ngozi ya jani ili upepo usinyonye maji haraka. Haya sasa chukua hiyo chupa, dondoshea tone moja la maji. Sugua kidogo na kidole. Enhe. Pale paliposuguliwa pamekuwaje? Pamekuwa kijani. Vinyweleo vimelowa maji, mwanga unapita. Pakikauka fedha inarudi, kwahiyo mtu asije kunipigia mwezi wa Aprili ananiambia mmea umebadilika rangi, mvua tu hiyo.

Ila kuna mama mmoja wa Sakina, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia akiwa na hasira kweli, ananiambia mwanangu umeniuzia kitu kingine, mimi nilitaka ya fedha hii ni kijani. Nikaenda. Nikakuta kaipanda chini ya mparachichi mkubwa, kivuli asubuhi mpaka jioni, na kijana wake wa bustani anaiwekea urea kila akikumbuka kwa sababu aliona inachelewa. Imeota mirefu, milaini, majani yameachana, kijani tupu. Nikamuuliza, mama, sasa huu mmea una shida gani na jua hapa? Hakuna jua, vinyweleo vya nini? Anapewa mbolea ya kukuzia, anapewa maji, anakaa kivulini, yaani anaishi maisha ambayo hayahitaji koti. Tukakata vipande vyenye mizizi tukahamishia mbele ya geti kwenye jua na changarawe, urea tukaificha, majani mapya yalivyoanza kutoka yakatoka meupe mwenyewe akanitumia picha.

Kwahiyo jua, na mkono mwepesi kwenye mbolea. Mboji iliyoiva kidogo wakati wa kupanda inatosha. Samadi mbichi usiilete hapa kabisa.

Haya. Mbegu. Hapa ndipo nitakaa sana, maana hapa ndipo hela zenu zinapotelea.

Mzee mmoja wa Usa River alinunua pakiti, mbegu za dikondra sio bei ya mchicha mnajua wenyewe, akasoma nyuma ya pakiti kwamba inavumilia ukame, akafurahi sana. Mwezi wa Januari akalima kipande cha mbele ya nyumba, akamwaga mbegu, akafukia, akawa anamwagilia akikumbuka, jumapili hivi na katikati ya wiki. Hakuna kilichotoka. Akanipigia kwamba ni mbegu feki. Mzee wangu, nikamuuliza, shikamoo kwanza, hivi wewe ile mbegu mizizi yake iko wapi? Akanyamaza. Mbegu haina mizizi! Haina vinyweleo! Haina akiba ya kitu chochote isipokuwa kile kidogo kilichomo tumboni mwake. Sasa ikae kwenye udongo wa Januari unaochoma mguu, inavumiliaje?

Na sikilizeni hii. Mbegu ikiwa kavu kwenye pakiti imelala, hapo haina shida, inaweza kukaa. Ukiimwagilia inakunywa, inavimba, inaamka. Ikishaamka hairudi kulala. Ukiiacha ikauke siku hiyo ndio imekufa, hata ukija kesho na mpira wa maji wa zimamoto. Ile ya mzee ndicho kilichotokea, Jumapili inaamshwa, Jumanne inakaushwa. Mbegu hazikuwa feki.

Kwahiyo usisie chini moja kwa moja. Kwenye trei. Weka udongo mwepesi unaopitisha maji, mimi napenda kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, mafungu mawili na mchanga wa mto uliooshwa fungu moja, ukikosa kokopiti chukua mboji iliyoiva vizuri uichekeche. Lowanisha kwanza, ndipo uweke mbegu. Mbegu ni ndogo, ya mviringo, kama milimita mbili hivi, na ukoo huu wa viazi vitamu mbegu zake mara nyingi zina ganda gumu, kwahiyo ukipata mbegu zisizovikwa koti lolote ziloweke maji ya kawaida usiku kucha. Lakini! Zikija zimevikwa, zile punje za duara zenye rangi, hizo usiloweke hata kidogo, koti linayeyuka unabaki na uji. Unaziweka tu juu na kuzilowanisha zikiwa zimeshakaa. Funika na udongo mwembamba sana, uwe kama unaona haya kufunika. Halafu nailoni ya kuonyesha juu, au kipande cha kioo, unyevu usitoroke, na trei ikae kivuli chenye mwanga, sio juani, nailoni juani inapika.

Joto linalofaa ni kama nyuzi 22 mpaka 25. Sasa hapo watu wa Arusha na watu wa Moshi mnaachana. Sisi tuko juu kwenye mita 1,400 hivi, Juni, Julai, Agosti usiku ni baridi mnaijua, ukisia Julai Arusha utakaa unaangalia trei kama unaangalia luninga iliyozimwa. Moshi mjini mko chini sana kuliko sisi, mita mia nane na kitu, kwenu joto sio tatizo, kwenu tatizo ni Februari, trei inakauka mara mbili kwa siku.

Ushauri wangu? Sia Januari mapema. Wiki moja mpaka mbili zinachipua. Kufika wiki ya sita hivi unazihamishia kwenye viriba vidogo au vikopo, na mwisho wa Machi masika yakishika unazipeleka chini, mvua inakumwagilia bure mpaka Mei, ikifika Juni zimeshajishika. Waliokosa Januari wasie Septemba wafukuzie vuli, ila vuli ni ya kubahatisha, msinilaumu.

Halafu maji ya kusia. Hili sijui kwanini watu hawalisemi. Maji yetu mengi ya visima upande huu wa Meru yanatoka kwenye miamba ya volkano, yana floraidi, yana magadi, hata meno yetu yanatutambulisha tukifika Dar. Ukimwagilia trei na maji ya namna hiyo kila siku kwa wiki kadhaa utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Mche mkubwa anavumilia, kichanga hapendi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, yaweke kwa ajili ya trei tu. Trei moja inakunywa kiasi gani bana, haifiki hata jagi.

Na usimwagilie kwa juu na keni, mbegu zinaogelea zinakwenda kukusanyika kona moja. Chukua beseni, weka maji ya kina cha kidole, trei ikae humo inywe kwa chini mpaka uone uso wa udongo umebadilika rangi, itoe ichuruzike. Zikishachipua nusu yake, nailoni ondoa. Usiache! Ukiacha, unyevu ule na hewa imesimama, kinyausi kinakuja, unakuta asubuhi miche imelala imekatika shingoni, na kesho yake duara limeongezeka, hao ni fangasi na jamaa zao, kina Rhizoctonia na Pythium, na wakishaingia trei huna cha kuokoa zaidi ya kutupa sehemu ile na udongo wake. Kinga yake ni hewa, trei safi, na kumwagilia asubuhi badala ya jioni.

Sasa niwape kisa cha kijana mmoja wa kitalu cha rafiki yangu huko Kisongo. Kijana mchapakazi kweli, hana mchezo. Bosi wake kasafiri kwenda msibani Same, kamwachia trei za dikondra, kamwambia ziangalie, palilia. Aliporudi trei zote nyeusi, safi, hamna kitu. Kijana anasema bosi, majani yalijaa nikayang'oa yote, ile yako ya fedha haijatoka bado. (Watu wanacheka sana.) Mnacheka, lakini kijana alikuwa na kosa gani? Nani alimwambia? Dikondra ikichipua, yale majani mawili ya kwanza ni membamba marefu, ya kijani, hayana fedha, hayana duara, hayafanani kabisa na mama yao. Mtu asiyejua ataapa ni gugu. Lile la mviringo linakuja baadaye, dogo, na rangi inakuja polepole baada ya hapo. Kwahiyo naomba mkirudi nyumbani kabla ya kumwambia kijana au mama au mjukuu "angalia trei", mwonyeshe kwanza anaangalia nini. Mbegu zile zingekuwa miche ya kujaza geti zima.

Tukifika hapo miche imechipua, tunaingia kwenye kazi inayofuata, na hii wauza miche ndio tunaikwepa kwa sababu inachelewesha hela. Kuachisha ziwa.

Mche umelelewa kwenye trei, kivulini, maji kila siku. Ukiutoa hapo ukaupeleka moja kwa moja jua la saa saba unamfanyia ukatili. Lakini pia ukiendelea kumnywesha kila siku mpaka unamuuza, umemuuzia mteja kitu kilaini ambacho hakijawahi kutafuta maji chenyewe. Mtoto anaachishwa ziwa kidogo kidogo, si ndio mama zangu? Wiki ya kwanza baada ya kuhamishia kwenye kiriba, jua la asubuhi tu. Halafu ongeza. Maji nayo, subiri udongo wa juu ukauke kabisa ndipo umwagilie, na ukimwagilia mwagilia mpaka yatoke chini, usinyunyize nyunyize, maji ya juu juu yanafundisha mizizi kukaa juu juu. Acha siku moja majani yalegee kidogo. Usiogope! Dikondra ina tabia hiyo, inalegea unaona imekufa, unaipa maji, jioni imesimama. Mkiona imelegea saa nane mchana msikimbie na ndoo, subirini jioni mwone.

Kuna sehemu moja ya kulala wageni, siitaji, nisije nikaonekana nina ugomvi, walipanda dikondra mapokezi kote, kazi nzuri ya mafundi, wakafunga na mabomba ya kujinyunyizia yenyewe asubuhi na jioni. Udongo wa pale ni ule mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji. Ilipendeza kweli mwanzoni. Kisha katikati pakaanza kuwa kahawia, fundi akaona kahawia akasema kiu hiyo, akaongeza muda wa maji. Pakaongezeka. Akaongeza tena. Mnajua ilivyoisha, harufu tu, ukivuta shina linakuja mkononi limeoza. Hela zote zile.

Na wakati huohuo kuna mama mmoja Pasua, Moshi, huko joto lote mnalijua, hana mabomba, ana ndoo. Alipanda kwenye tuta aliloinua kwa moramu na changarawe ili maji yasisimame, akaacha kama sentimita 30 kati ya mche na mche, masika yakamsaidia, mvua zilipokata akawa anamwagilia mara moja kwa wiki maji aliyooshea mboga. Maji ya mboga! Nimepita pale mwezi wa kumi, vumbi kila mahali, mbuzi wa jirani wanatafuta karatasi wale, kwake tuta limefunikwa lote linang'aa, udongo huuoni. Na udongo usipoonekana jua haliupigi, na usipopigwa na jua haukauki haraka. Hata mibuni ya wazee wetu kule juu inafunikwa chini na majani ya migomba kwa sababu hiyohiyo.

Kabla sijasahau, kabla ya kupanda safisha. Ndago na sangari. Kama kiwanja chako kina ndago au sangari usipande dikondra leo. Hii inafunika vizuri inazuia magugu madogo yanayotegemea mwanga kuota, lakini ndago hatishwi, anapita katikati anachungulia, na ukimvuta unang'oa na dikondra yako. Mwagilia kiwanja, acha magugu yaote, chimbua na vitunguu vyake vya chini, rudia tena. Inachosha, najua.

Watu wameniuliza za aina nyingine, nipite haraka. Ipo serastio, Cerastium tomentosum, kwao Italia, majani meupe membamba na maua meupe mengi, inaota kirahisi kwa mbegu, lakini inapenda ubaridi, joto na unyevu pamoja vinaiozesha, kwahiyo watu wa Ilboru juu na Machame jaribuni, Moshi mjini msijisumbue. Ipo stakisi yenye majani manene ya manyoya, nzuri sana kushika, masika yetu yanaisumbua, inaoza katikati. Na zipo gazania za majani ya fedha kutoka Afrika Kusini, hizo zina maua makubwa ya jua na ni ngumu kweli, kama mtu anataka maua achukue hizo maana ua la dikondra hata nikikuonyesha hutaliona.

La mwisho ni mbegu zinatoka wapi. Nyingi zinatoka nje. Naomba, naomba sana, tuache kubebeana mbegu kwenye mabegi. "Shemeji yangu anakuja toka Ulaya ataniletea." Kuna utaratibu, kuna kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mmea, na ofisi ziko hapahapa Ngaramtoni, ile tuliyozoea kuiita TPRI, siku hizi TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa sheria ya mwaka 2020. Mnajua kwanini nasisitiza? Tokeni hapo nje tembeeni kando ya barabara. Gugu karoti. Mnaliona? Lina maua madogo meupe, linawasha watu ngozi, mifugo ikila maziwa yanakuwa machungu, limejaa Arusha yote. Lenyewe nalo asili yake ni Amerika, upande uleule inakotoka dikondra, na hakuna aliyelialika, lilikuja limejificha kwenye vitu vya watu. Nunueni kwa mawakala wanaojulikana, muulize risiti, angalia tarehe kwenye pakiti.

Maswali mawili matatu halafu tunakwenda kula.

(Baba mmoja wa nyuma anauliza kama watoto wanaweza kuchezea mpira juu yake.) Hapana mzee wangu. Kukanyaga mara moja moja kwenda kuanika nguo, sawa, mpira hapana. Watoto waachie ukoka, dikondra ipeleke kwenye miteremko, kando ya geti, kati ya mawe, juu ya ukuta ishuke, sehemu ambazo hakuna anayekimbia.

(Mama wa Moshi: "Nikishakuwa nayo moja si nikate tu vipande, ya nini mbegu?") Mama umeongea la biashara. Kata, ruhusa, kila pingili yenye mizizi ni mche. Mbegu nazitaka kwa mambo mawili, unaanza na miche safi isiyobeba ugonjwa wa kitalu cha mwenzako, na Silver Falls kwa mbegu inatoka inafanana. Sia mbegu mara moja upate mama zako kumi na tano, ishirini, baada ya hapo kata kwao. Wakizeeka wakaanza kutoa shina tupu katikati, punguza na mkasi, na wengine sia upya.

(Kijana: "Tuuze ikiwa na umri gani?") Swali zuri kuliko yote, ndio maana umekaa mbele. Usiangalie umri. Geuza kiriba, gonga, mche utoke, kama mizizi imeshika udongo wote haumeguki na angalau majani ya juu yameshapata fedha na umeshamuweka siku kadhaa kwenye jua kamili hajaungua, uza. Kama udongo unamwagika mkononi, rudisha, huyo bado. Na ukimuuza mwambie mteja, wiki tatu nne za kwanza amwagilie kila udongo ukikauka, baada ya hapo apunguze. Mwandikie kwenye karatasi kabisa, maana akifika nyumbani atasahau, atakumbuka tu kwamba ulisema ya ukame.

Haya. Trei zenye mbegu zilizosiwa asubuhi hii ziko pale mlangoni, kila kikundi kinachukua moja, tarehe imeandikwa ubavuni kwa maka pen, msiifute. Wa Moshi ibebeni kwa mapajani, msiiweke kwenye buti la Coaster, na mkishuka stendi iingizeni kivulini kabla hamjasalimia mtu.